Ukoo Wetu Haukupatikana

Kazi yangu, katika chumba cha kupanga pale Kabianga, ilikuwa kusoma makala za utafiti na kuziingiza kwenye hifadhidata ya mtandaoni: jeni gani, ugonjwa gani, wagonjwa walitoka nchi gani. Nyumbani nililieleza jambo hili mara moja tu, tukichuma chai. Nilikosea. Wiki haikuisha kabla kijiji kizima hakijajua kwamba laptopu yangu imebeba magonjwa ya koo zote.

Siku ya koito yangu, wazee wa mchumba wangu walikuja kutoka upande wa Kaplong kuniposa. Kwetu, kabla ng'ombe hawajatajwa, ukoo huchunguzwa: kuna wizi? Kuna wazimu? Kuna ugonjwa wa kurithi? Kwa kawaida hutumwa watu kuwadodosa majirani. Ilisemekana nyanya ya mchumba wangu alikuwa akitetemeka mikono, na kwa hilo tu ningeweza kunyimwa mume. Baba mkubwa, msemaji wetu, ambaye akishasema hapana hakuna wa kumbembeleza, alitangaza kwamba majirani wasisumbuliwe.

"Huyu msichana ako na kompyuta ya magonjwa. Aitwe."

Nani amewahi kusikia bibi harusi akiitwa kumpeleleza mchumba wake? Nilitoka jikoni na unga wa wimbi mikononi, nikaketi na laptopu katikati ya wazee. Nilikuwa nimekasirika hadi masikio yakawaka.

"Baba, hapa hakuna koo. Kuna jeni tu."

"Andika."

Nikaandika jina la ukoo wao. Hakuna matokeo.

Msemaji wao akavua kofia kwa furaha. "Mmesikia? Sisi tuko safi!"

"Wamefuta," akasema baba mkubwa.

"Basi atafute na yenu!"

Nikatafuta. Na sisi hatukuwemo. Hapo ndipo baba mkubwa alipochukia kweli.

"Yaani sisi hatuko? Na wewe ndio unaandika?"

Ili yaishe, nikaandika ugonjwa wenyewe, wa kutetemeka. Makala zikamiminika, ukurasa baada ya ukurasa. Wazee wa pande zote wakavuta viti nyuma, kana kwamba skrini ingewaambukiza. Mmoja akauliza wagonjwa hao ni watu wa wapi. Nikasoma: Ulaya, Ulaya, Amerika, tena Ulaya. Bomet hakuna. Kericho hakuna.

"Kumbe ni ugonjwa ya wazungu!" akasema msemaji wao. "Nyanya alikuwa anasikia baridi tu."

Wakakubaliana wote, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na mazungumzo yakahamia kwenye ng'ombe. Nilijaribu kueleza kwamba hatumo kwa sababu hakuna aliyekuja kutupima. Nikaambiwa nirudi kwenye kimyet yangu, ule ugali wa wimbi. Nikaona aibu kwa furaha niliyoisikia, maana nilikuwa nimepata mume kwa sababu ya utafiti ambao haukufanywa.

Nilipokuwa nakoroga sufuria, baba mkubwa akaingia jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikanyaga. Akafunga mlango. Akaninyooshea mkono wa kulia, na kidole gumba kilikuwa kikicheza chenyewe. Akaubana kwa mkono wa kushoto, lakini haukutulia.

"Hao wazungu wa kompyuta," akaniuliza kwa sauti ya chini, "walipona?"