Tufe la Mama na Chungu cha Jirani

Enzi zetu pale Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, biashara huria ilipoanza, mitumba ilimwagika hadi tukajiuliza Wazungu wanabaki na nini cha kuvaa. Mjomba wangu Salumu, muuza viatu vya mtumba, siku moja alikuta ndani ya belo la viatu tufe jeusi, zito, lenye matundu matatu. La nini? Hakuna aliyejua. Mama akasema matundu ni ya kupitisha kamba, kamba yenyewe imepotea safarini. Akalitumia kugandamizia kifuniko cha pipa la maji, maana upepo wa Uluguru ulikuwa hauna adabu.

Sisi watoto tukaliazima kwa mchezo. Tulipanga makopo sita ya maziwa chini ya mteremko wa nyuma ya nyumba, tukaliviringisha. Vidole hatukuvitia matunduni, tuliambiwa mna tandu. Tulilishika kwa mikono miwili, tukainama, tukaachia. Makopo yakilia, hata njaa tulisahau.

Tatizo langu mimi ni pupa. Nilikimbia nalo, likayapita makopo, likaingia uwani kwa jirani yetu Mama Zuhura, mpika vitumbua, likampasulia chungu cha unga. Mama hakunichapa. Alisema tu, kwa ile sauti ya chini tuliyoiogopa kuliko fimbo: "Likivunja tena kitu cha mtu, linarudi kwenye pipa, na mchezo ndio basi." Wenzangu wakaninunia siku nzima.

Bibi yangu, Mluguru wa Mgeta aliyeshuka mlima na tenga la kabichi kichwani miaka nenda rudi, akaniita kando. "Mjukuu wangu, mteremko haukimbiliwi. Hatua fupi, magoti yalegee. Na hilo dude usilipandishe kifuani, lianzie gotini."

Kesho yake zamu yangu ikafika. Mama Zuhura alisimama uwani kwake, mikono kiunoni, chungu kipya nyuma yake. Nikapiga hatua tatu fupi, nikalishusha taratibu kwa mikono yote miwili. Likaenda polepole, polepole mno, nikadhani litalala njiani. Likagusa kopo la mbele, hilo likaangukia wenzake, yote sita yakalala, na tufe likasimama palepale. Mama Zuhura akacheka hadi kanga ikamlegea, akatugawia vitumbua vya moto.

Juzijuzi mwanangu alinipeleka Dar, kwenye ukumbi wa mchezo huohuo, wenyewe wanauita bowling. Kumbe matundu ni ya vidole! Na vijana wa pale wanarusha kwa mikono miwili, eti ndio mtindo mpya. Nikacheka peke yangu. Nilipoanza kufupisha hatua, mwanangu akainua macho kutoka kwenye simu. "Mama, hapa haliendi uwani kwa mtu. Wewe tupa tu kwa nguvu."

Nikatupa, vigingi vyote vilivyopangwa mbele vikalala, mashine ikavisimamisha tena. Ukumbi mzima hakuna aliyeshusha pumzi, maana hapakuwa na chungu cha mtu cha kuhofia. Nikawakumbuka wenzangu wa Bigwa hadi machozi yakanilengalenga.