Chuma Kilichotoka Jasho

Nilipokuwa mtoto, mji wetu ukiwa bado unaitwa Usumbura, tulikusanyika asubuhi moja ya mvua uani kwa bibi yangu, katika mtaa wa Buyenzi. Alikuwapo bibi mwenyewe, Mwamini binti Salumu. Alikuwapo baba yangu, Husseni bin Ramadhani, fundi wa magari. Alikuwapo mdogo wake, Yusufu bin Ramadhani, aliyechomelea boti bandarini. Alikuwapo jirani yetu, Asha binti Omari, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Zaina. Nilikuwapo mimi. Na katikati yetu, juu ya kinu kilichopinduliwa, alikaa mtu wa chuma ambaye Yusufu alikuwa amemtengeneza.

Yusufu alikulia majini. Vipande vya boti kuukuu alivigeuza kuwa samaki aina ya mikeke, ndege na wavuvi, na watu walikuja kuvitazama. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine: hakuisugua ile alama ambayo ziwa huiacha ubavuni mwa boti. Alikata bati ili mstari ule upite kiunoni mwa mtu, na kila mtu wake akaonekana kama yumo majini.

Mtu huyu aliinama akitoa maji kwa kopo. Bati lake lilikuwa na rangi ya kijani, na kijani hicho kila mtu alikijua. Kilikuwa cha boti ya Juma bin Kalonda, mume wa Mama Zaina. Boti ilikutwa ufukweni tupu, ubavu umepasuka, ikauzwa kama chuma chakavu. Juma hakuonekana tena. Mwili haukupatikana, wala hakuna aliyesema alimwona akizama, kwa hiyo wakwe walimkataza Mama Zaina kukaa eda. Walimwambia asubiri. Hakuwa mke, hakuwa mjane, na miaka ilikuwa inapita.

Mama Zaina alikizunguka chuma kile polepole, kisha akaweka kidole kwenye goti la kushoto. Hapo palizungushiwa ukanda mwembamba wa bati, umefungwa kama kitambaa.

"Shemeji," alimwambia Yusufu, "hii kitambaa uliiona wapi?"

"Ni pambo tu."

"Pambo? Asubuhi ile alijikata na panga. Mi njo nilimufunga ku goti, akaenda moja kwa moja ku ziwa. Kabla ya siku ile hakukuwa na kitambaa."

"Mi nilikuwa ku mutaa ya Asiatique kutwa nzima, natengeneza mulango ya duka. Kila mutu anajua."

Ni kweli kwamba alikuwa amesema hivyo tangu mwanzo. Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama chini.

Ndipo bibi alipotuonyesha kwamba chuma kinatoka jasho. Matone yalikuwa yameshika mgongoni na yanateremka. Wazee wa Buyenzi waliamini kwamba chuma cha boti iliyopoteza mtu majini hakisahau, nasi watoto tulionywa tusikalie hata kipande chake.

"Kinamulilia mwenyewe," bibi alisema. "Kila mutu akipanguze na kiganja. Mwenye hajui kitu, kitakauka mu mukono yake. Mwenye anajua fasi Juma alibaki, jasho itarudi."

Baba alipanguza kwanza, haraka, kama anayepima joto la injini. Bibi akafuata. Mama Zaina alikipanguza taratibu mno, na mkono wake ulikawia kwenye goti. Nami nilikipanguza, nikiogopa, na kiganja changu kikabaki na harufu ya kutu. Kisha ikawa zamu ya Yusufu.

"Apana, mama. Nimekitengeneza mi mwenyewe. Nimekigusa mara mingi."

"Basi we kiguse tena, mwanangu."

"Mambo ya wazee hii."

"We kila siku unashika moto," baba alisema, "leo unaogopa umande?"

Yusufu aliingiza mikono kwapani. Bibi alimngoja. Mvua ilianza tena, nyepesi, na hakuna aliyeingia ndani. Yusufu hakukigusa.

Mama Zaina hakupiga kelele. Alivua herini, kisha bangili, akazifunga kwenye pindo la kanga yake. "Mama," alimwambia bibi, "uniazime shuka nyeupe." Bibi alikuwa nayo tayari, imekunjwa nyuma ya mlango. Wakwe walipokuja kupinga, baba alitoka akawaambia kwamba ushahidi umepatikana, na hakueleza zaidi. Mama Zaina alikaa eda yake ikaisha, na baadaye akaolewa na fundi cherehani wa mtaa huohuo.

Shuleni, mwalimu Mbelgiji alitufundisha sababu ya chuma baridi kushika maji. Siku ya somo hilo niliamini kwamba bibi alidanganyika. Leo siamini hivyo tena. Ndoo yake ya bati ilitoka jasho kila asubuhi ya mvua, na yeye ndiye aliyeipanguza. Nadhani alijua vizuri alichokuwa anamtegea mwanawe wa kumzaa. Sijui alishuku tangu lini.

Habari ya Yusufu siwezi kuimaliza. Huenda alimwona Juma akipita njiani tu, na kitambaa kikamkaa kichwani. Huenda aliogopa chuma kama nilivyokiogopa mimi. Lakini anayeogelea peke yake mpaka ufukweni huulizwa kama alimnyooshea mwenzake mkono, na wapo wanaochagua kusema kwamba hawakuwamo botini. Alihamia Uvira, ng'ambo ya ziwa, kabla eda haijaisha. Nilimtembelea ukubwani. Watu wake wa chuma walikuwa wamenyoosha mikono nje ya boti, wote. Nilimuuliza kwa nini.

"Wateja njo wanapenda vile," alijibu, akanitazama mpaka nikaaga.

Yule wa kijani ninaye mimi, hapa nyumbani kwangu, mtaa wa Mutanga Nord. Mvua ikinyesha hutoka jasho, nami humpanguza kwa kitambaa, si kwa kiganja.

Mama Zaina alitangulia zamani, na bibi, na baba. Jumanne iliyopita nilipigiwa simu kutoka Uvira. Yusufu bin Ramadhani amefariki. Amezikwa baada ya Alasiri.