Mama Aliyechaguliwa na Binti Yangu

Nianze kwa kukiri. Nilimwonea wivu mwanamke aliyeniuzia chumvi na kiberiti kwa miaka kumi na miwili. Si kwa sababu ya duka lake, wala ya watoto wake waliofika chuo. Nilimwonea wivu kwa sababu binti yangu alimwambia jambo ambalo mimi mama yake sikuambiwa.

Tuna shamba dogo la majani chai upande wa Kericho na ng'ombe wawili wa maziwa. Mume wangu ni dereva wa lori la kubeba majani, siku nyingi hayupo, kwa hivyo nyumba ilikuwa yangu na binti yetu wa pekee. Mwanamke ninayemsema ni jirani yetu, tunamwita Mama Duka. Watu wake walitoka Nyeri wakafanya biashara Kipkelion, kisha yeye na mumewe wakaja huku, wakafungua duka na kununua kipande cha majani chai kinachopakana na chetu. Hapa kwetu wanawake huchumiana: Jumatatu tunachuma kwangu, Jumanne kwako, mpaka mzunguko uishe. Mama Duka aliingia kwenye mzunguko huo kama sisi wengine, na sikuwa na neno naye.

Desemba moja, binti yangu akiwa amemaliza kidato cha pili kwenye shule ya bweni kule Sigor, kanisa letu lilikubali ukumbi utumike kwa vikao vya familia vya mradi mmoja wa malezi. Kila Jumamosi alasiri wazazi na watoto wao wakubwa wangekaa pamoja, na mwalimu wa mradi, kijana mpole wa sauti ya chini, angetufundisha kuongea nyumbani. Nilicheka nilipoambiwa. Mimi nifundishwe kuongea? Kwenye harusi, kwenye chama, kwenye kituo cha kupimia majani tukingoja lori, watu husogea nilipo kwa sababu wanajua nitawavunja mbavu.

Jumamosi ya kwanza mwalimu aliomba kila familia isimulie kisa cha kuchekesha, ili tuzoeane. Nilisimama kabla hajamaliza sentensi. Nikawasimulia jinsi binti yangu alivyolowesha kitanda mpaka darasa la sita, na jinsi nilivyotoa godoro kila asubuhi kulianika nyuma ya zizi, mpaka siku moja nikamkuta ndama akililamba kwa raha zake kwa sababu ya chumvi. Nilimwigiza yule ndama kwa ulimi. Ukumbi ulikufa kwa kicheko, hata mzee wa kanisa alifuta machozi. Binti yangu alitabasamu akiangalia viatu vyake. Mama Duka peke yake hakucheka, nami nikajiambia kwamba huyu mama hajui utani wetu.

Jumamosi ya tatu tulipewa zoezi la kubadilishana. Kila mtoto angemchagua mzazi asiye wake, wakae kando dakika kumi, mtoto aseme na mtu mzima asikilize tu. Niliketi nikingoja kuona binti yangu atakwenda kwa nani. Ukumbini palikuwa na dada yangu mdogo, na mama yake wa ubatizo. Aliwapita wote wawili akaenda kuketi karibu na Mama Duka pale dirishani. Dakika kumi zilikwisha, mwalimu akapiga makofi, na wale wawili bado walikuwa wameinamiana. Mimi nilikuwa na kijana wa mtu mbele yangu akinieleza habari za mpira, na sikusikia hata neno moja.

Tangu siku hiyo mambo yalizidi. Nikimtuma sukari, anakaa dukani saa nzima. Alirudi siku moja amesukwa nywele, matuta mazuri kuliko yangu. Siku nyingine nilikuta kibuyu kimoja cha mursik hakipo kwenye rafu, nikaambiwa, "Nimempelekea Anti, ameanza kuipenda." Maziwa niliyokamua mwenyewe, nikayagandisha kwenye kibuyu nilichosafisha kwa mkaa wangu, yanakwenda kumpendeza Mama Duka, ambaye sasa alikuwa Anti. Roho iliniuma mpaka chai ikawa chungu mdomoni. Usiniulize kama nilisali juu ya jambo hilo. Nilisali, lakini niliomba Mama Duka ahamie Nairobi.

Kisha Januari ikafika na shule zikafunguliwa. Nilikuwa nimepanga sanduku lake, sabuni, na viatu vilivyopakwa rangi. Asubuhi ya kuondoka binti yangu alikaa kwenye kitanda chake na kusema hatarudi shuleni. Hakulia wala hakueleza. Alisema tu hatarudi, akaanza kutoa nguo kwenye sanduku moja moja na kuzikunja.

Nikakumbuka mafunzo ya mwalimu. Niliweka viti viwili sebuleni vikitazamana, kama tulivyoonyeshwa, magoti karibu na magoti. Nikamwambia, "Niangalie machoni, mama, uniambie unajisikiaje." Alitazama sakafu. Nilimwambia tena aniangalie. Mimi ndiye niliyemfundisha tangu utotoni kwamba mtoto mwenye adabu hamkodolei mtu mzima macho, na sasa nilikuwa nikimkemea kwa kunitii. Tulikaa hivyo mpaka maziwa yakachemka yakamwagika jikoni.

Siku tatu zilipita hivyo. Ya nne nikaenda dukani. Sikuenda kununua kitu.

"Jirani," nikamwambia, "wewe unajua kwa nini mtoto wangu hataki shule."

Mama Duka alikuwa akipima maharagwe. Aliendelea kupima. "Najua."

"Basi niambie."

"Hiyo si maneno yangu, mama. Ni yake. Nimemwambia akuambie wewe, kila siku namwambia."

"Umempa nini ndio akufungulie roho hivyo? Mimi nimemuuliza mpaka nimechoka."

"Hapo ndio shida iko," akasema. "Mimi sijamuuliza kitu. Tukichuma huwa nashika laini ya kando yake, nanyamaza. Akitaka kuongea anaongea na hizo majani. Wewe ulimwekea kiti kama mtu wa kesi."

Kumbe hata habari ya viti ilikuwa imeshafika dukani. Nilitoka bila kuaga, nikimchukia kwa moyo wangu wote, na nikijua nitafanya kama alivyosema.

Kesho yake tuliingia shambani mimi na binti yangu. Jua la Januari lilikuwa limepunguza majani na hapakuwa na haja ya kuita wenzetu. Nilishika laini ya kando yake. Tulilaza fito zetu za kupimia usawa juu ya michai, tukachuma, majani mawili na kichipukizi, tukatupa nyuma kwenye vikapu. Mimi kunyamaza ni kazi kuliko kuchuma. Visa vilinijaa mdomoni nikavimeza. Siku hiyo hakusema kitu, na iliyofuata pia hakusema. Siku ya tatu tulikuwa tumefika katikati ya laini, mgongo ukianza kuniuma, ndipo akasema bila kugeuka.

"Bado nalowesha kitanda, Mama."

Mikono yangu ilisimama, nikailazimisha iendelee. Akaendelea na yeye, polepole, akiongea na michai. Si kila usiku, alisema, lakini inatosha. Wasichana wa bweni lake walikuwa wakitoa godoro lake na kulitundika kwenye ua wa njia ya kwenda darasani, na shule nzima inapita hapo. Alikuwa ameacha kunywa chochote tangu saa sita ya mchana. Muhula wote aliungoja uishe, aje nyumbani aniambie.

"Na mbona hukuniambia ulipokuja?" nikauliza. Nilijaribu kuuliza kwa sauti ya Mama Duka.

Alichuma mchai mzima kabla hajajibu. "Nilikuwa nikuambie ile Jumamosi ya kwanza, tukitoka kanisani."

Nilimwona yule ndama, na ulimi wangu mwenyewe nje mbele ya watu wote, na mwanamke mmoja ukumbini asiyecheka.

Tulikwenda hospitali Kericho mjini, tukapata daktari mpole, ikaonekana ni jambo lenye matibabu. Baba yake alimtafutia shule ya kutwa, naye aliingia kidato cha tatu akiwa amechelewa wiki tatu. Vikao vya kanisani viliendelea hadi Pasaka. Mwalimu alipouliza nani ana kisa, watu waligeuka kunitazama, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Sasa amemaliza shule, anafanya kazi ya ushonaji mjini, na mwili wake ulitulia zamani. Nilipoanza kuandika mambo yetu niliapa kwamba kisa hiki sitakitoa bila ruhusa yake. Mwezi uliopita alikuja nyumbani, nikampa daftari. Alilisoma lote jikoni, akafuta mahali pawili kwa kalamu yake, akakaa akifikiri.

"Ni sawa?" nikauliza.

"Ngoja kwanza," akasema, akifunga daftari na kulitia kwapani. "Wacha nimwonyeshe Anti, tuone atasema nini."

Nilimfuata hadi dukani. Wao waliingia nyuma ya kaunta wakainamia daftari langu, vichwa vikigusana, na mimi nikakaa nje kwenye benchi, nikingoja waamue.