Watu Wawili Katika Boma Langu

Yule msichana wa utafiti aliniuliza ni watu wangapi wanalala katika boma langu, nami nikamjibu wawili. Sikusita hata kidogo. Mikono yangu ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi nilizokuwa namenya. Ninakumbuka niliifuta kwenye leso kana kwamba nimemaliza kazi nzuri.

Tunalala watatu.

Sitaandika jina la mtu yeyote hapa, na si kwamba nimesahau. Shule niliiacha darasa la tatu, na Kiswahili hiki nilikiokota nikichuma chai kwa watu wa mbali kabla sijaolewa. Majina ndiyo elimu yangu. Mtoto akizaliwa katika ukoo wetu, wanakuja kwangu kuuliza ni marehemu yupi wa kumpa jina lake. Nami huwatajia yeye, mama yake, na boma alilotoka mama yake. Sasa mtu kama huyo akikuambia alimsahau mwanawe wa kuzaa, utamwamini?

Mwanangu ni kitinda mimba. Anabeba jina la baba mkwe wangu. Nyumba yake iko nyuma ya migomba, karibu kiasi kwamba akikohoa ninasikia. Alikuwa dereva wa lori la chai, na kijiji kizima kilimjua kwa honi yake. Alianza na miraa ili asilale njiani, halafu bangi ili alale akifika nyumbani, halafu vidonge fulani vyeupe wanavyouziana huko sokoni. Mwisho akawa halali wala haamki. Lori wakampa mtu mwingine. Kanisani walipomuulizia nilisema ana malaria. Malaria ilipokuwa ndefu mno nikasema ni kichwa. Akina mama wenzangu wakamwombea kichwa, Sabato baada ya Sabato, nami nimefumba macho katikati yao, nasema amina.

Siku hiyo msichana aliletwa na mzee wa kijiji, kwa sababu mgeni wa serikali haingii boma la mtu peke yake. Tatizo ni kwamba mzee wetu wa kijiji ni mkwe wangu. Amemuoa binti yangu wa kwanza. Asiyetoka kwetu hataelewa, kwa hiyo nieleze. Mimi na mkwe wangu tuna chinsoni, heshima ile yenye haya ndani yake. Hatupeani mikono. Hali chakula mbele yangu, wala mimi mbele yake. Neno lolote la aibu halitajwi mahali tunaposikilizana. Basi alimfikisha msichana mlangoni, akavuta gogo la kuni, akaketi nje chini ya paa, mgongo kwangu, akitazama shamba la chai. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini ukuta wangu ni wa udongo na mlango ulikuwa wazi.

"Bwakire buya, shosho!" msichana akanisalimia kwa lugha yetu, kwa sauti kubwa, kila neno likienda njia yake.

"Bwakire. Mbona unapiga kelele? Mimi si kiziwi, ni mzee tu."

Akacheka, akafungua tableti yake. Alikuwa na adabu, yule mtoto. Akanieleza kwamba wanapita nchi nzima kujua watu wanatumia nini, pombe, bangi, vidonge, miraa, ili serikali ijue wapi pa kupeleka matibabu na watu wa ushauri. Majina hawaandiki. "Ni idadi tu, shosho. Hakuna atakayejua ni wewe." Kisha akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Haya maswali tunapaswa kuulizana tukiwa wawili. Unaweza kumwambia mzee atusubiri kule barabarani?"

Hapo ndipo nilipokosea. Mama hamwondoi mkwe wake kama mbuzi kwenye mahindi. Tena nikimwambia aondoke, si tayari nimemwambia kuna jambo? Nikamtazama mgongo wake. Hakugeuka.

"Muache," nikasema. "Hasikii."

Ndipo akaniuliza tunalala wangapi. Wawili, mimi na mjukuu wangu wa sekondari.

"Kuna mwanamume yeyote?"

"Hakuna."

"Katika boma hili kuna anayevuta bangi?"

"Sisi ni watu wa Sabato."

"Ndiyo, shosho, lakini..."

"Andika hakuna."

"Vidonge ambavyo havikuandikwa na daktari?"

"Dawa yangu ni ya presha. Nikuletee uione?"

Wakati huo huo harufu ilikuwa inaingia kupitia dirishani, polepole, tamu, ile ambayo hata mtoto wa nasari anaijua. Msichana aliinua pua kidogo, akaishusha. Nyuma ya migomba mwanangu akakohoa. Mimi nikaanza kusifu ndizi zangu. Nilimfungia mkungu mzima, nikamlazimisha apokee. Ninaona mpaka leo alivyoubeba, ameukumbatia kama mtoto mwenye homa, akimfuata mkwe wangu kwenye njia ya chai.

Mwanangu akatokea akiwa na kikombe chake cha bati. Alikuwa amekonda, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa.

"Mama, wawili ni nani na nani?"

Nikajifanya namenya.

"Mimi nilikuwa nimekaa pale ukutani kwangu," akasema. "Nilisikia amesema matibabu. Nikasema moyoni, wacha mama anitaje, nitatoka nimsalimie, nimuulize hayo matibabu yako wapi. Nikangoja." Akacheka, kile kicheko chake cha siku hizi kisichofika machoni. "Leo umenifuta, mama. Umenifuta mimi na babu pamoja, maana tuna jina moja."

"Mkwe alikuwa pale nje."

"Eeh. Basi mkwe amekaa, mimi nimeondoka."

Akaenda zake. Chakula nilichompelekea kilirudi kama kilivyokwenda.

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Nilipochuma chai lilikuwa pale, nilipoomba lilikuwa pale. Nikajiambia, yule msichana akirudi nitamwambia.

Hakurudi yeye. Alikuja mwanamume wa makamo, msimamizi wao, akiletwa na mkwe yule yule. Mkwe akavuta gogo lile lile, akageuza mgongo vile vile. Msimamizi alisema wanarudia maboma machache tu, kuhakikisha kwamba vijana wao walifika kweli na hawakujaza majibu wakiwa hotelini.

"Mama, hapa mnalala watu wangapi?"

"Watatu."

"Huku pameandikwa wawili."

"Niliruka mmoja. Mwanangu. Analala pale nyuma ya migomba."

Akabonyeza. "Sawa, nimemwongeza. Asante, mama."

"Sasa uliza yale mengine."

"Yapi?"

"Ya bangi. Ya vidonge."

"Hayo siyaulizi mimi," akasema kwa upole. "Kazi yangu ni kuhakikisha idadi ya watu tu. Yale mengine yanabaki kama ulivyojibu." Akafunga tableti yake, akanishukuru tena, akatoka.

Mwanangu alikuwa amesikia. Alitoka akiegemea mgomba. "Kumbe sasa nipo!" akasema. "Nipo, na situmii chochote. Mama, umenipa wokovu, hata kubatizwa sikubatizwa." Akacheka mpaka akakohoa, na kukohoa kukamkalisha chini.

Nilitoka nje. Mkwe wangu alikuwa amesimama njiani, amempa yule msimamizi nafasi atangulie. Nilifanya jambo ambalo mama yangu, kama angekuwa hai, angefunika uso. Nilimkaribia mpaka kivuli changu kikagusa miguu yake.

"Mkwe," nikasema, "shemeji yako anavuta bangi na anameza vidonge. Yule msichana nilimdanganya, na wewe ulisikia."

Alitazama ardhi. Mtu mzima, baba ya watoto watano, akachora chini kwa kidole cha mguu.

"Nilisikia, mama. Na harufu niliijua. Kule kwa chifu nilipoona boma lako limo kwenye orodha nilifurahi. Nikasema sasa litasemwa, na halitasemwa na mimi. Nikaketi pale kwenye gogo ninangoja uniambie niende barabarani."

"Kwa nini hukuondoka mwenyewe?"

"Ningeondokaje, mama, hujanituma? Ingekuwa kama nimekwambia najua."

Tukasimama hapo, kila mmoja akitazama upande wake. Hivyo ndivyo tulivyomficha, sisi wawili, kwa heshima. Hakuna aliyemchukia. Nikamwomba amtafutie mahali pa matibabu. Akasema iko hospitali yenye mtu wa ushauri siku ya Jumanne, atamchukua yeye mwenyewe. Jumanne alikuja, akasimama kule kwenye chai, akakohoa ili nijue. Mwanangu alitoka amevaa shati lake la udereva. Ameenda mara tatu. Mara ya nne alijificha, na wiki hii sijui.

Juzi mke wa mtoto wa shemeji yangu alikuja na kichanga chake cha kiume, kuuliza jina, kama wanavyokuja wote. Nikamtajia marehemu mmoja mmoja. Nikafika kwa baba mkwe wangu, nikamwambia hilo ni jina la mtu mpole, aliyepanda hiyo migomba unayoiona.

Akambadilisha mtoto mkono. "Hilo hapana, magokoro, nyanya yetu. Unajua... hilo mwenye nalo sasa..." Akaishia hapo, akamfunika mtoto ambaye hakuwa na baridi. Alikuwa ananistahi, kama nilivyowafundisha wote wanistahi.

Mdomoni yalikuwa yamejipanga maneno ya malaria na ya kichwa, na yangetoka yenyewe.

"Malizia," nikamwambia. "Mwenye nalo anavuta bangi na anameza vidonge. Yuko pale nyuma ya migomba. Hapa tunalala watatu, na jina ni zuri."

Nilisema kwa sauti ya kufika. Nyuma ya migomba kikohozi kilikatika, kama cha mtu anayesikiliza.