Mashimo Yasiyo na Mtu

Mume wangu alikuwa na kichwa kigumu kuliko gogo, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Watu walimwita Mashimo. Jina hilo alilipata siku ya kwanza kazini kwenye uwanja wa gofu, kwa kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka kwanza, halafu ndiyo nalia.

Kabla ya gofu alikuwa mchimba makaburi. Miaka kumi na minane, kwenye makaburi ya mji, ng'ambo ya reli. Kazi yake aliijua. Udongo wa juu aliuweka kulia, wa chini aliuweka kushoto, ili wakati wa kufukia kila mmoja urudi mahali pake. Nilikuwa namtania: "Kwani akikuta umechanganya, marehemu atakuja kulalamika?" Yeye hacheki. Anasema ukivuruga tumbo la ardhi, hapaoti kitu tena.

Kisha mtoto wetu akafa. Tulikuwa naye huyo huyo mmoja, miaka sita, homa ya siku tatu tu. Wenzake kazini walimwambia akae pembeni, wao wapo. Akakataa katakata. Alichimba mwenyewe, akashuka mwenyewe, akafukia mwenyewe. Mimi sikwenda. Nilibaki sakafuni nimeshikwa na shangazi yangu. Aliporudi, kucha zimejaa udongo, alinyoosha mkono anishike bega. Nikamwambia: "Mikono hiyo usiniguse. Ndiyo iliyomfukia mwanangu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Na mimi sikuishia hapo. Nilimwambia kule makaburini nisitajiwe kamwe, na jina la mtoto lisitamkwe ndani ya nyumba yangu. Sasa mtu aliyezoea kuitwa Mama Fulani, ukimwondolea huyo fulani utamwitaje? Majirani wakahamia kwenye "Fundi", kwa sababu nashona nguo. Mume wangu alihangaika siku mbili tatu, mwisho akaanza kuniita Mama Nanii. Nikaona heri hivyo.

Kesho yake alirudisha beleshi la kazi, akaapa mbele yangu kwamba hatachimba tena kaburi la mtu mpaka anaingia la kwake. Hakuapa kwa ajili yake. Aliapa ili siku moja mikono yake nisiiogope. Nililijua hilo. Akakaa nyumbani miezi mitano anapasua kuni tusizozihitaji.

Ndipo ikaja habari ya uwanja. Mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, alikuwa na machimbo ya kokoto yaliyoachwa zamani, akatangaza kwamba atayageuza uwanja wa gofu. Mji mzima ulimcheka. Pale palikuwa pakavu hadi mbuzi walipita bila kusimama. Tangazo lilibandikwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi: wanatakiwa watu wa kuchimba mashimo tisa. Mume wangu alilisoma, akaja nyumbani mbio mbio kama ameokota kitu.

"Mama Nanii, nimepata kazi ya mashimo. Mashimo matupu! Hayana mtu."

Gofu hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Mpima alimwonyesha kijiti kilichochomekwa kwenye vumbi, akamwambia shimo la kwanza ni pale, kisha akaenda kushughulikia mabomba. Alirudi mchana akakuta kijiti hakipo. Kuna vilima viwili vya udongo, kimoja kulia, kimoja kushoto, na mtu haonekani. Akachungulia.

"Nimefika futi sita, mzee," mume wangu akasema kutoka chini. "Niendelee?"

"We bwana! Unamzika nani?"

"Simziki mtu! Ndiyo maana nimekuja huku."

Shimo la gofu, jamani, upana wake unafunikwa na kiganja. Wafanyakazi walicheka mpaka wakakaa chini, na jina la Mashimo likamganda siku ile ile. Lakini Mpima hakucheka kwa muda mrefu, maana alikuwa ameona ukuta wa lile shimo. Chini ya kokoto kulikuwa na udongo mweusi, na ule udongo ulikuwa unatoa maji taratibu, chururu, chururu. Yule mzee alikuwa ameipima ardhi ya watu maisha yake yote, na ya kwake hakuwahi kuifunua. Shimo la kosa likageuzwa kisima. Udongo mweusi ukachimbuliwa, mume wangu akauchekecha kwa mikono kwenye wavu, siku baada ya siku, ukaenda kutandazwa kwenye viwanja vidogo tisa ambavyo ndani yake huwa kuna shimo na bendera. Wenyewe wanaviita grini. Bendera zote tisa nilizishona mimi, pindo mara mbili, kwa sababu upepo wa kule ulikuwa hauna adabu.

Nyasi zikaota. Wallahi ziliota. Mume wangu alizikagua bila viatu, anasema unyayo ndio unaojua kama zina kiu. Wageni wa kwanza walikuja kwa sababu uwanja wao ulikuwa unakarabatiwa na hawakuwa na pengine pa kwenda. Walishuka kwenye magari wamenuna. Jioni walikuwa bado wapo, wanabishana nani arudie. Mmoja wao, mtu mzima na kitambi chake, alipiga magoti kwenye grini ya tatu akaipapasa kama kitambaa cha bei, akauliza ni kampuni gani imefanya kazi hii. Mpima akanyoosha kidole: "Kampuni yenyewe ile pale, haina viatu." Baada ya hapo walikuja wengi, kila mmoja akisema kaambiwa asitarajie makubwa.

Mimi nilichokitarajia ni kwamba mume wangu apate pa kwenda asubuhi. Nikapata zaidi. Siku moja mezani aliichukua glasi, akaikandamiza kwenye mkate wangu mpya, akaizungusha, akatoa kipande cha duara.

"Mkate umekukosea nini?" nikamuuliza.

"Tulia uone." Akatoboa shimo lingine pembeni, akachukua kile kipande cha pili akakizibia shimo la kwanza. "Kila asubuhi tunalihamisha shimo, nyasi zisichoke kukanyagwa sehemu moja. Nina chuma cha duara, nakizamisha wima, natoa kizibo cha nyasi pamoja na udongo wake. Kizibo hicho kinaenda kuziba shimo la jana. Nakikanyaga kwa kisigino, namwagia maji. Siku ya nne hujui kama paliwahi kuchimbwa." Akautazama mkate. "Na ndani hamna mtu, Mama Nanii. Nachimba kila siku, na hamna mtu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilimpiga kofi mkononi kwa ajili ya mkate wangu, na mkono wangu ukabaki juu ya wake kidogo. Halafu nikauondoa, nikasingizia vyombo. Mpumbavu mimi.

Mwaka wa tatu kopo lake la chakula likaanza kurudi na udongo. Si kila siku, mara moja kwa wiki hivi. Nalifungua nioshe, nakuta mchanga na vijani vimenata pembeni.

"Siku hizi unakula udongo? Una mimba?"

"Nyasi zinaruka wakati wa kukata," anajibu, anaangalia pembeni.

Na siku hizo hizo anachelewa kurudi. Jirani yangu, mdomo haumkai, akaniambia mwanamume akianza kuchelewa siku maalumu, ujue kuna mwenzio. Nikaanza kumnusa mashati. Yalinukia jasho na majani. Nikamnunia wiki nzima bila kumwambia kosa lake, na yeye hakuuliza.

Kwenye uwanja nako kulikuwa na wizi. Mabomba yalipotea, dizeli ikapotea, Mpima akaweka sheria mbele ya wafanyakazi wote: atakayekamatwa getini na kitu cha uwanja, hata kama ni msumari, anaondoka siku hiyo hiyo. Sheria ni msumeno. Na mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa mume wangu. Mlinzi alifungua kopo la chakula akakuta kizibo kimoja cha nyasi, kimekatwa vizuri, kimefungwa kwa kitambaa kibichi. Kilitoka kwenye kitalu cha nyuma, zinakooteshwa nyasi za akiba, ambako walikuwa wameshaona matundu mengi ya duara na hawakujua nani anayatoa.

Mpima alimpenda, na sheria ilimbana. Alimwita ofisini akamwambia niambie tu unapeleka wapi, unamuuzia nani, nitaona la kufanya. Mume wangu akatazama vidole vya miguu yake. Akaulizwa mara ya pili, na ya tatu, akaendelea kuvitazama. Akaja nyumbani saa sita mchana akiwa na barua.

Na mimi sasa, badala ya kumkalisha mtu chini, nikafungua mdomo. "Mtu mzima unafukuzwa kazi kwa nyasi? Angalau mabomba! Nyasi? Kwani wewe mbuzi?" Nilisema kwa sauti, dirisha wazi, majirani wakasikia. Jina la Mwizi wa Nyasi likazunguka mtaa mzima kabla ya jua kuzama. Yeye alikaa kwenye kiti akasema tu, "Sawa, Mama Nanii."

Alitafuta kazi kila mahali. Umri ulikuwa umekwenda, na habari za kufukuzwa zilikuwa zimemtangulia. Mwisho ni msimamizi wa makaburi aliyesema beleshi lake bado lipo. Asubuhi ya kurudi kule alikaa kizingitini kuvaa viatu, kiatu kimoja robo saa nzima. Mimi nilikuwa kwenye cherehani.

"Mama Nanii," akasema bila kugeuka. "Nikirudi na mikono ile ile, utanipokea?"

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikazungusha gurudumu la cherehani, nikashona pindo la gauni la mtu mpaka mwisho, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshaondoka.

Alifanya kazi ile wiki saba. Akirudi ananawa nje, bombani, anasugua mpaka ngozi inakuwa nyekundu, ndipo anaingia. Alikuwa haniulizi tena kitu. Wiki ya saba wenzake wakaja mlangoni kofia mkononi. Alikuwa amepima tu mahali pa kuchimba, hajachimba hata beleshi moja, akakaa chini akasema amechoka. Daktari alisema ni moyo. Ningeweza kumwambia hivyo bila vipimo.

Wakaniuliza azikwe wapi, kisha wakajijibu wenyewe: alishaomba awekwe karibu na mtoto. Kwa hiyo baada ya miaka minne na ushee nilivuka reli kwa mara ya kwanza, nimeshikana na shangazi yule yule, mzee sasa, mimi ndiye niliyekuwa namshikilia.

Makaburi ya mji wetu ni makavu. Vumbi, mawe na magugu ya miiba. Tulipita safu moja baada ya nyingine, na mbele nikaona mahali pa kijani. Pembenne ndogo, urefu wa mtoto wa miaka sita. Nyasi fupi, zimekatwa sawasawa, laini, na ukiinama ulikuwa unaona bado alama za maduara, moja kando ya lingine, safu kwa safu, yameshikana. Sikuuliza la nani.

Mpima alikuwa amekuja na wafanyakazi wake. Alivua kofia, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya zile nyasi, na nikaona uso wake unabadilika.

"Hizi ni za kitalu changu," akasema polepole. "Jamani, Mashimo. Nilimuuliza mara tatu. Nilimwambia niambie tu unapeleka wapi, nichane hii barua. Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuwa hawezi," nikamwambia. "Ungekuja kuniuliza mimi kama ni kweli, na mimi nilishamkataza asipataje mahali hapa. Usijilaumu, mzee. Ni mimi."

Alinionyesha kwa kidole upande wa miguuni, kwenye kona. Palikuwa na duara moja tupu, kingo zake safi, udongo umelainishwa tayari na kumwagiwa maji; bila shaka wiki zile saba alikuwa anapatunza. Kizibo chake kilikuwa ndani ya kopo siku ile mlinzi alipolifungua.

Kesho yake nilichukua lile kopo nikaenda uwanjani kwa miguu. Mlinzi alinifungulia geti. Bendera zangu bado zilikuwa zinapepea, moja imefumuka pindo. Mpima mwenyewe alikamata chuma cha duara akaanza kukizungusha upande upande.

"Sivyo, mzee," nikamwambia. "Wima. Kinazamishwa wima."

Akakizamisha wima. Kizibo kikatoka kizima, na udongo wake mweusi chini. Nilikifunga kwa kitambaa kibichi, nikakiweka kwenye kopo, nikavuka reli peke yangu. Kaburi la mume wangu lilikuwa bado kichuguu cha udongo mbichi, na wenzake walikuwa wameurudisha ule wa juu ukae juu, kama alivyowafundisha. Nilipiga magoti kwenye lile dogo. Kizibo kiliingia bila kusukumwa. Nikavua kiatu, nikakikanyaga kwa kisigino, nikamwaga maji kwa kopo.

Kisha nikaupapasa udongo wa yule mkubwa kwa mikono yote miwili mpaka ukaingia kwenye kucha. Nilimwambia ndiyo, nakupokea. Nilimwambia kwa sauti, kulikuwa na watu, na sikujali. Halafu nikamgeukia mtoto, nikamwita kwa jina lake.