Mchumba wangu aliandika "nimeijaribu", na minye nimejua hakuijaribu

Admini, jina langu lifiche vizuri, maana Uvira ni ndogo na sisi wa kazi hii tunajulikana.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, naishi Mulongwe, kando ya mto wenye jina hilo hilo, nimeshachumbiwa. Kazi yangu inawashangaza wengi: naandika programu za mashini ndogo, zile zinazokaa ndani kabisa ya chuma na kukiambia cha kufanya. Mchumba wangu, nitamwita Byamungu, anafanya kazi hiyo hiyo. Tulisoma pamoja Bujumbura, tukarudi, na chini ya shefu wetu wa kazi anayeishi mbali tukatengeneza kengele za mafuriko. Kisanduku kinafungwa kando ya mto, kinapima maji, maji yakipanda kinalia, watu wanakimbia. Mnaoijua Mulongwe, sina haja ya kuwaeleza kwa nini.

Vita ilipokaribia, Byamungu alivuka kwenda Burundi na mama yake na dada yake Furaha. Minye nilibaki kwa sababu baba yangu miguu imemwisha nguvu na hataki kusikia habari ya kubebwa. Tangu hapo sijui kutulia. Risasi zinasikika upande wa milimani, majirani wanafunga mizigo, wanafungua, wanafunga tena. Hata nikipika, masikio yako barabarani.

Mchana mmoja mvua kubwa ikanyesha, mto ukapanda, na kengele haikulia. Maji yaliingia nyumba za chini. Jirani yetu, mama wa mapacha, aliwatoa watoto wake maji yakiwa yamewafika kifuani. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini alinijia mbele ya watu wote, nguo zinachuruzika: "Kengele yenu iko ya nini? Nilikaa ndani na watoto nikiitegemea!"

Nikaenda kufungua kisanduku. Kilikuwa kinawaka, ila kimeganda. Nikaelewa. Ndani yake tuliweka kipande cha kodi, yaani maagizo ya programu, cha kutusaidia kutafuta makosa. Mashini ikikosea inasimamisha kila kitu, inangoja mtu achomeke kabulo, waya wa ordinateri, yaani kompyuta, ili imweleze kosa liko wapi. Mezani kinasaidia sana. Kando ya mto nani atachomeka kabulo? Inangoja tu, na maji yanapita. Kipande kile aliandika Byamungu, nikamtumia habari.

Baada ya siku chache akaleta marekebisho. Kwetu hakuna anayerekebisha peke yake. Mwenzake lazima asome mstari kwa mstari kabla ya kukubali. Msomaji ni minye. Yalikuwa mafupi: ngoja kidogo, usipoona kabulo, jiwashe upya. Chini ameandika: "Nimeijaribu, iko sawa." Nilifurahi kweli. Nikasoma tena, roho ikakataa. Huo muda wa kungoja anaupima kwa saa ya mashini, na mashini ikishafika pale, saa yake nayo imesimama. Ingengoja dakika zisizosogea. Kengele ingeganda vilevile.

Nikakataa, nikamwandikia sababu kwa upole. Rezo ya simu iliporudi akapiga.

"Weye unanikatalia mbele ya shefu?"

"Sikukatalii weye, Byamungu. Saa inasimama pale. Jaribu bila kabulo, utaona."

"Si nilikuambia nimeshajaribu? Ao kwa sababu nilikimbia, sasa minye siko muntu?"

Akakata.

Maneno yale yaliniuma, lakini kilichonisumbua zaidi ni kingine. Mtu aliyejaribu kodi ile bila kabulo angeiona inaganda mbele ya macho yake. Nikampigia Furaha, eti namsalimia tu.

"Nyumba imejaa watu, dada," akasema. "Kaka anaandika akiwa amekaa mlangoni. Na tangu wale wenye silaha wamunyang'anye kikarte chake njiani, hana raha. Walisema ile mashini yenye waya iko bomu. Walimupiga sana. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Na kikarte kile, kibao kidogo chenye mashini kama ile ya kisandukuni, ndicho kilikuwa chombo chake pekee cha kujaribia.

Nililia kwa hasira na kwa huruma, sijui ipi ilitangulia. Kisha nikaandika upya mwenyewe: mashini isiangalie saa, ihesabu mizunguko yake yenyewe. Nikashuka mtoni, nikaitia kwenye kisanduku, nikakikosesha makusudi bila kabulo. Kikasimama kidogo, kikajiwasha. Nikajaribu kengele, ikalia. Nilikuwa nimewaonya majirani, lakini wengine walikimbia vilevile, na mzee mmoja akanifokea kwamba kwa wakati huu wa vita nitawaua watu kwa presha.

Byamungu hajui kwamba najua. Akipiga anauliza jambo moja: kodi yake nimeikubali? Na leo shefu ameniandikia: "Nimeona umeandika upya. Byamungu alisema ya kwanza aliijaribu. Ni kweli?"

Shefu huyu kwa uongo hana mchezo, alishamwondoa mwenzetu mwingine kwa jambo dogo kuliko hili. Kazi hii ndiyo inamlisha mama mkwe wangu kule ugenini. Nikisema kweli, ninamsukuma chini mtu aliyekwisha kupigwa na kukimbizwa. Nikificha, kesho ataandika tena "nimeijaribu", na wale mapacha wanalala palepale chini. Halafu mimi mwenyewe: alipigwa akanificha, akanidanganya juu ya mto unaopita karibu na mlango wa baba yangu. Nampenda. Ila sasa kila anachoniambia nakichunguza mara mbili, na sijui ndoa ya namna hiyo inaendaje.

Ndugu zangu, msinitukanie mtu wangu, nisaidieni kufikiri. Nimjibu nini shefu? Na Byamungu nimwambie kwanza, ao nimwache aseme mwenyewe? Jibuni upesi, mvua imeanza milimani na shefu anaona kwamba ujumbe wake nimeshausoma.