Kariere Yetu Ilivyoonekana Kutoka Juu

Niliondoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwenda Lilongwe kwa sababu ya neno la shemeki Nsimire, mjane wa mdogo wangu Deo: "Weye njo uliangusha ule mlima." Alilipata kwa Chidumu, kapita aliyesimamia kariere yetu, machimbo ya dhahabu kule Kivu ya Kusini. Chidumu naye alitumwa na Rukeba, mwenye shimo, ambaye hakushuka chini hata siku moja. Walisema mimi nilichimba mguu wa ukuta mpaka ukafunika batu, Deo pamoja nao. Nawataja. Sikusoma sana, lakini hayo majina mawili najua kuyaandika. Tangu hapo Nsimire hakutaka mkono wangu hata kwenye nyumba yake pale kambini. Ukuta ulikuwa na ufa, mvua inaingia, na bado alinikataza kuuziba.

Halafu Bwana Phiri, Mmalawi anayechunguza miteremko ya migodi, akaja kambini kutafuta waliofanya kazi kule. Alikuwa na picha za shimo letu zilizopigwa kutoka angani, akaniita ofisini kwake nizione. Nsimire akasema, "Naenda pia. Picha haina ndugu."

Asubuhi mapema, kibali cha kutoka kambini mfukoni, tulipanda kabaza, baiskeli mbili za abiria, mpaka barabara ya lami. Aliyembeba Nsimire akamwuliza kama mimi ni bwana yake.

"Huyu? Afazali nitembee kwa miguu!"

Nikacheka peke yangu.

Saa nne basi lilitushusha Kanengo, upande wa viwanda wa Lilongwe, harufu ya tumbaku imejaa puani. Ofisi ya Phiri iko nyuma ya maghala, chumba kimoja na kompyuta. Alisoma Dar es Salaam, akatuamkia "Shikamooni." Nsimire akaninong'oneza, "Anaongea kama radio."

Phiri akaeleza polepole. Kule juu kuna satelaiti inayotupa mawimbi ya rada chini; yanagonga ukuta wa mgodi, yanarudi. Baada ya siku kadhaa inapita tena palepale, inapima tena. Ukuta ukisogea hata upana wa kidole, inajua.

"Na mawingu?" nikauliza. Kwetu mawingu hayaondoki.

"Inapenya, mzee. Hata usiku inaona."

Miaka yote nilidhani hakuna aliyetuangalia mle shimoni.

Akafungua picha moja moja kwa tarehe. Kijani ni udongo uliotulia, nyekundu ni unaoteremka. Nyekundu ya kwanza ilitokea juu kabisa, mahali Rukeba alipolundika udongo wa taka kwa sababu hakutaka kulipa wa kuubeba mbali. Picha iliyofuata, imekua. Inayofuata, imeshika ukuta wote. Mguuni, nilipochimba mimi, kulikuwa kijani mpaka picha ya mwisho. Mlima ulikuwa unatembea juu ya vichwa vyetu, na sisi tunaimba.

"Uzito wa juu ndio uliosukuma," Phiri akasema. "Lakini rada hainiambii mlichokiona ninyi. Kulikuwa na ufa?"

Ulikuwepo, nikamwambia. Sisi bakrezeri, wachimbaji, tulikuwa na desturi: jioni unapaka udongo juu ya ufa, asubuhi ukikuta umepasuka, hakuna anayeshuka. Kila asubuhi tuliukuta mzima. Chidumu alikuwa anaupaka upya kabla hatujaamka.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nikamgeukia Nsimire.

"Siku mlima ulipoanguka niliugusa ule udongo. Kidole kikazama, kama kwenye udongo uliopakwa sasa hivi. Nikasema ni umande. Nikamwambia Deo, udongo uko muzima, tushuke."

Hakulia. Aliinuka, akatangulia nje.

Mchana tukarudi. Njia nzima nilichungulia anga: bluu tupu, hakuna kitu, na kumbe kitu kinapita na kupima. Tulipokaribia kambi Nsimire akasema:

"Hii haukuniambiaka."

"Niliogopa."

"Chidumu alipaka. Rukeba alilundika. Weye uligusa, ukanyamaza miaka yote hii." Akajifunga kitenge vizuri. "Kesho uje na udongo."

Kesho yake nikaja na ndoo. Nikaanza kuuziba ufa wote wa nyumba yake, akanishika mkono.

"Si yote. Weka kidogo hapa katikati, na uandike tarehe."

Nilichojifunza Lilongwe ni hicho: kule juu kila picha ina tarehe yake, na udongo wetu haukuwa nayo. Nikaweka kiganja kimoja cha udongo, nikachukua msumari, nikaandika siku na mwezi udongo ungali mbichi. Ukuta ukisogea, utapasuka; mtu akipaka tena, tarehe itapotea, na tutajua.